Ruta, Prosesa na SQM kwenye Intaneti ya Kasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa zaidi na watu wa aina mbili: aliyehamia faiba ya Mbps 500 au zaidi akakuta simu za video bado zinakatika jioni, na aliyewasha SQM (Smart Queue Management, mfumo wa ruta wa kupanga foleni ya data) akaona kasi yake imeporomoka. Majibu mengi yanaitaja OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, kwa kuwa ndiko SQM ilikokulia, lakini hesabu ni zile zile kwenye ruta yoyote inayoendeshwa na Linux.

SQM inafanya nini hasa?

Inazuia foleni ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, isirefuke mahali usipoiona. Kila kifaa kinachopokea data haraka na kuitoa polepole kina bafa, yaani hifadhi ya muda ambako pakiti husubiri zamu. Kwa miaka mingi watengenezaji waliongeza ukubwa wa bafa hizo wakiamini kwamba pakiti kupotea ni kosa siku zote. Matokeo yake, mtu mmoja nyumbani akianza kupakia video, bafa ya modemu inafurika na sauti ya simu ya WhatsApp inabaki nyuma ikingoja. Mwishoni mwa 2010 Jim Gettys alianza kuandika juu ya ugonjwa huu kwa jina la bufferbloat, na jina likashika.

SQM huutibu kwa hatua tatu. Kwanza inapunguza kasi kidogo chini ya uwezo wa laini, ili foleni ihame kutoka kwenye modemu, usikokuwa na mamlaka, ije kwenye ruta yako. Pili inatenganisha mawasiliano: fikiria bomba la maji la mtaani, mwenye ndoo moja hana sababu ya kusubiri mkokoteni wa madumu ishirini ujae, kwa hiyo kila mmoja anachota kwa zamu. Tatu inaangalia pakiti imekaa muda gani kwenye foleni.

Hatua hii ya tatu ndiyo uvumbuzi wenyewe. Kanuni ya CoDel, iliyotolewa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson, haijali foleni ina pakiti ngapi. Inajali muda wa kusubiri: ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, pakiti inatupwa au inawekewa alama ili mtumaji apunguze mwendo. Mwaka huo huo Eric Dumazet aliiunganisha na ugawaji wa zamu, fq_codel ikaingia Linux 3.5. CAKE, iliyofanya kazi hizi zote ndani ya kipande kimoja cha programu, iliingia Linux 4.19 mwaka 2018.

Ruta yangu inatoa Mbps 900 bila SQM. Nikiiwasha inashuka hadi 180. Imeharibika?

Haijaharibika. Mbps 900 zile hazikuwa kazi ya prosesa.

Ruta nyingi za nyumbani zina sehemu maalumu ya chipu inayopitisha pakiti yenyewe. Prosesa inaziona pakiti chache za mwanzo wa mawasiliano, inaamua ziende wapi, kisha inaikabidhi chipu kazi iliyobaki. Kuanzia hapo prosesa imepumzika. Ndiyo maana ruta yenye prosesa dhaifu huweza kujaza laini ya gigabiti na bado ikabaki baridi.

SQM haiwezi kuishi na mpango huo. Ili kupanga foleni ni lazima kila pakiti ipite mikononi mwa keneli (moyo wa mfumo wa Linux), ipimwe muda, iwekwe kwenye zamu yake na itolewe wakati wake. Ukiwasha SQM huku njia ya mkato ya chipu ikiendelea, pakiti zinaikwepa foleni na SQM inabaki pambo: kasi iko juu, ucheleweshaji uko vilevile. Watu wengi husema "nimeweka SQM haijasaidia kitu" na sababu huwa hii. Kwenye OpenWrt, nenda kwenye mipangilio ya ukuta wa moto na uzime Hardware flow offloading kabla ya kufanya lolote.

Baada ya hapo utaiona kasi halisi ya prosesa yako, na si kila mtu huipenda.

Kwa nini kupanga foleni kunachosha prosesa kiasi hicho?

Piga hesabu. Laini ya gigabiti ikijaa pakiti za ukubwa wa kawaida wa baiti 1500, zinapita takriban 81,000 kwa sekunde. Kila moja ina maikrosekunde 12 tu kabla ya inayofuata kufika. Ndani ya muda huo kuna ukuta wa moto, ubadilishaji wa anwani, kutafuta pakiti ni ya mawasiliano gani, kuipima na kuiweka foleni. Na hapo hatujahesabu pakiti za uthibitisho zinazorudi upande wa pili.

Bila SQM, Linux hupunguza mzigo kwa kufunga pakiti nyingi za mawasiliano yale yale kuwa furushi moja kubwa, hadi karibu kilobaiti 64, na kulishughulikia kana kwamba ni pakiti moja. CAKE kwa kawaida hulifungua furushi hilo na kurudisha pakiti moja moja, kwa sababu furushi kubwa likipita zima linamchelewesha mwenye pakiti ndogo. Inafanya hivyo kwa faida yako, na prosesa ndiyo inayolipa.

Kuna pia suala la saa. Kidhibiti kasi hakina nafasi ya kulimbikiza kazi kiifanye baadaye: ni lazima kiamke kila baada ya muda mfupi sana na kutoa kiasi kilichopangwa. Prosesa ikichelewa kuamka kwa sababu ilikuwa na shughuli nyingine, nafasi ile imepita na kasi imepotea. Kwa hiyo unaweza kuona matumizi ya prosesa ni asilimia 60 na bado kasi imegota. Mara nyingine dawa ni ndogo: prosesa inayopunguza mwendo wake ili kuokoa umeme iambiwe ikae kwenye hali ya performance. Fanya hivyo kabla ya kununua kifaa kipya.

Prosesa yangu ina viini vinne. Mbona haisaidii?

Kwa sababu foleni moja ya CAKE, au ya HTB (kidhibiti kasi kingine cha Linux) yenye fq_codel, husimamiwa na kiini (core) kimoja kwa wakati. Upande wa kupakua una foleni yake na upande wa kupakia una yake, hivyo viini viwili hupata kazi nzito. Vilivyobaki vinaweza kushika Wi-Fi, ukuta wa moto na mengineyo, ila hakuna kinachoweza kumsaidia mwenzake kubeba foleni. Ndiyo sababu viini viwili vyenye nguvu hushinda vinne vilivyo dhaifu kwa kazi hii.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kazi hazirundikani kwenye kiini namba sifuri. OpenWrt ina chaguo la Packet steering, na kuna kifurushi cha irqbalance. Jaribu kimoja kimoja na upime, kwani matokeo hutofautiana kutoka chipu moja hadi nyingine.

Laini yako ikitumia PPPoE, njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, mzigo unaongezeka tena, kwa kuwa pakiti zote zinafika zikiwa ndani ya mawasiliano mamoja na chipu ya mtandao inashindwa kuzigawa kwa viini tofauti.

Boksi linasema AX3000. Si linatosha kwa gigabiti?

Namba hiyo haihusiani na hili. Ni jumla ya kasi za juu kabisa za redio mbili za Wi-Fi: 574 kwa bendi ya GHz 2.4 na 2402 kwa bendi ya GHz 5, zikakaribishwa hadi 3000. Hakuna simu inayotumia zote mbili namna hiyo, na namba haisemi neno juu ya prosesa. Unapochagua ruta kwa ajili ya SQM, tafuta jina la chipu. Duka lisipolitaja, litafute kwenye ukurasa wa kifaa hicho katika tovuti ya OpenWrt.

Nina gigabiti. Je, ninaihitaji SQM kweli?

Huenda huihitaji, na mimi ningependa watu wengi zaidi waambiwe hivyo.

Bafa ile ile huumiza tofauti kulingana na kasi. Megabaiti moja iliyojaa mbele ya laini ya Mbps 10 huchukua sekunde 0.8 kumalizika. Hapo mazungumzo ya video yamekufa. Megabaiti hiyo hiyo mbele ya gigabiti inaisha ndani ya milisekunde 8, na hakuna sikio litakalosikia. Tena kwenye gigabiti ni vigumu kuijaza laini kwa muda mrefu: seva ya upande wa pili, Wi-Fi ya nyumbani au diski ya kompyuta huchoka kwanza.

Kwa hiyo kumfunga mtu wa gigabiti kwenye Mbps 200 ili apate SQM, kwa sababu tu ameona alama ya C ya bufferbloat kwenye kipimo cha mtandaoni, ni biashara mbaya. Pima kwanza.

Hali inabadilika upande wa kupakia ukiwa mwembamba. Vifurushi vingi vinatoa Mbps 500 za kupakua na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kwa kupakia, na nakala za picha zinazopanda kutoka kwenye simu tano za familia zinaweza kuujaza jioni nzima. Hapo weka SQM upande wa kupakia peke yake. Kwenye luci-app-sqm, ukurasa wa mipangilio ya SQM wa OpenWrt, andika 0 kwenye kasi ya kupakua, maana yake usiiguse. Mzigo wa prosesa unapungua sana, kwani kudhibiti upakuaji ndiyo kazi ghali zaidi: pakiti zikishafika inabidi zipitishwe kwenye kiolesura cha bandia ili zipangwe foleni upya. Usisahau tu kwamba njia ya mkato ya chipu bado lazima izimwe, hivyo pima upakuaji upya baada ya kuizima.

Nitajuaje kama tatizo ni prosesa, laini au Wi-Fi?

Chomeka kompyuta kwa waya. Nasisitiza hili kwa sababu nusu ya malalamiko huishia hapa: Wi-Fi ndiyo iliyokuwa ikikwama.

Kisha anzisha ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) kwenda anwani ya karibu, 1.1.1.1 kwa mfano, iache iendelee, na uendeshe kipimo cha kasi kwenye dirisha jingine. Tazama ping ilivyokuwa laini ikiwa tulivu, inavyokuwa wakati wa kupakua, na wakati wa kupakia. Ikipanda kwa milisekunde 10 au 20, huna tatizo la kushughulikia. Ikipanda kwa 100 na kuendelea, unalo, na umejua pia liko upande gani.

Wakati huo huo ingia kwenye ruta kwa SSH, yaani kwa amri za maandishi, na uendeshe programu ya top. Angalia sehemu iliyoandikwa sirq: huo ni muda ambao keneli inautumia kuhudumia pakiti. Ikifika karibu na asilimia 50 kwenye ruta ya viini viwili, elewa kwamba inawezekana kiini kimoja kimejaa kabisa na kingine kinaangalia tu. Programu ya htop huonyesha kila kiini peke yake na huondoa utata huo. Ukiona ksoftirqd, kazi ya keneli ya kuhudumia pakiti zilizorundikana, imepanda juu ya orodha, prosesa imezidiwa.

Usiendeshe kipimo cha kasi ndani ya ruta yenyewe. Kipimo kitaila prosesa ile ile unayoichunguza.

Niandike namba gani kwenye kasi?

Anza na kasi uliyoipima mwenyewe kwa waya, saa ya watu wengi, si ile iliyo kwenye mkataba. Weka asilimia 95 kwa kupakia na 85 hadi 90 kwa kupakua. Upakuaji unahitaji nafasi zaidi kwa sababu unajaribu kudhibiti foleni ambayo imeshapita mlango wa mtoa huduma. Silaha yako pekee ni kuwafanya watumaji wapunguze mwendo, na hilo lina ucheleweshaji wake. Kisha panda polepole hadi ping ianze kuharibika, rudi hatua moja.

Prosesa ikiwa ndiyo kikwazo, weka kasi chini ya uwezo wake hata kama laini ina zaidi. Ruta inayoweza kupanga Mbps 250 ukiilazimisha kupanga 400 haitakupa 400, na ucheleweshaji utarudi.

Kuna pia sehemu ya kujaza ziada ya kila pakiti. Kwa faiba baiti 44 ni salama. Ukikosea, kosea kwa kuzidisha: ukiweka ndogo mno, foleni inarudi kwenye modemu pale pakiti ndogo zinapokuwa nyingi.

CAKE au fq_codel?

CAKE, mradi prosesa inaimudu. Ina jambo ambalo nyumba yenye watu wengi italithamini: usawa kati ya vifaa. Fq_codel hugawa zamu kwa mawasiliano, hivyo programu inayofungua miunganisho 40 kwa pamoja hupata zamu 40. CAKE ikipewa maneno nat na dual-dsthost upande wa kupakua, na nat pamoja na dual-srchost upande wa kupakia, kwanza inagawa sawa kwa kila kifaa, ndipo inagawa ndani ya kifaa. Kijana anayeshusha gemu la gigabaiti 100 hatamnyima mama yake kikao cha kanisa kwenye Zoom.

Kwenye OpenWrt chagua piece_of_cake. Layer_cake huongeza madaraja ya kipaumbele, na wengi hawayahitaji. Prosesa ikishindwa, rudi kwenye simple.qos au simplest_tbf yenye fq_codel, ambayo ni nyepesi zaidi.

CAKE pia ina kigezo cha rtt, ambacho kwa kawaida ni milisekunde 100. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi seva za Ulaya, kwenda na kurudi mara nyingi huzidi hapo, na watu huuliza kama waongeze. Kiache. Si lazima kilingane kikamilifu, na sehemu kubwa ya video unazotazama hutoka kwenye hifadhi zilizowekwa karibu.

Ninunue kifaa gani?

Haya ni makadirio ya matumizi ya kawaida, si ahadi. Chipu ya MT7621, yenye viini viwili vya MHz 880, imo kwenye ruta nyingi za bei nafuu na hupanga foleni kati ya Mbps 100 na 250 kutegemea mipangilio. MT7981, iliyomo kwenye OpenWrt One iliyotoka mwishoni mwa 2024, inatosha kwa laini za kati. MT7986 ya viini vinne vya GHz 2, iliyomo kwenye GL.iNet Flint 2, hukaribia gigabiti. Raspberry Pi 4 huimudu gigabiti, lakini ina mlango mmoja tu wa waya, hivyo itahitaji adapta ya USB 3 au swichi yenye VLAN (kugawa waya mmoja kuwa mitandao miwili).

Ukitaka kulimaliza suala hili kwa miaka kadhaa, nunua kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na milango miwili au zaidi ya mtandao. Inapanga gigabiti bila kutoka jasho, na haili umeme mwingi. Haina Wi-Fi ya kutegemewa, kwa hiyo ruta yako ya zamani ifanye kazi ya kurusha Wi-Fi tu. Mimi naona huo ndio mgawanyo bora wa kazi, maana Wi-Fi inapozeeka unabadilisha kifaa cha bei rahisi na ubongo unabaki.

Naendesha Wi-Fi ya mtaa kwa MikroTik. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko wengi. RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik, ina fq_codel na CAKE kama aina za foleni. Ila sheria ya FastTrack, njia ya mkato iliyomo kwenye mipangilio ya mwanzo ya ukuta wa moto, inazikwepa Simple Queues (foleni za kuwawekea wateja vikomo vya kasi) kwa namna ile ile niliyoieleza kuhusu njia ya mkato ya chipu. Ukiiacha, vikomo vya wateja wako havitafanya kazi ipasavyo. Ukiiondoa, prosesa inabeba kila kitu, na ruta ndogo ya MikroTik iitwayo hEX (RB750Gr3) ina MT7621 ile ile.

Ukifikia wateja mamia, tazama LibreQoS, programu huria inayompa kila mteja CAKE yake na kugawa kazi kwa viini vingi vya seva ya kawaida. Hapo ndipo viini vingi vinakuwa na maana, kwa sababu foleni ni nyingi.

Nina Starlink au 5G, na kasi haitulii. Niweke namba ipi?

Namba moja haitafaa. Starlink, inayopatikana Kenya na Rwanda tangu 2023, hubadilika ndani ya dakika, na 5G hubadilika kwa idadi ya watu waliounganishwa kwenye mnara. Ukiweka namba ndogo unapoteza kasi usiku, ukiweka kubwa foleni inarudi jioni. Kuna programu ndogo (skripti) ya OpenWrt iitwayo cake-autorate inayopima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kasi ya CAKE kulingana nao. Nayo inatumia prosesa, hivyo usiipakie kwenye ruta ambayo tayari inahema.

Ruta ya mtoa huduma haikubali OpenWrt. Nifanyeje?

Iache ifanye kazi ya modemu na uweke ruta yako nyuma yake. Omba iwekwe kwenye hali ya daraja (bridge), ambapo inapitisha data tu. Wakikataa, anwani zitabadilishwa mara mbili, jambo linaloudhi wachezaji wa gemu na wenye kamera za kuangalia kwa mbali, lakini SQM itafanya kazi vilevile. Sharti ni kwamba vifaa vyote vipite kwenye ruta yako. Televisheni ikibaki kwenye Wi-Fi ya ruta ya mtoa huduma, data yake haionwi na SQM na hesabu yote inavurugika, kwa hiyo izime Wi-Fi hiyo kabisa.